Padre John Flynn: Sauti Iliyotangulia Ndege

Nilikuwa ningali chuoni, juzuu yangu mapajani, jirani yetu alipoanguka mnazini. Wazee walimlaza juu ya kitanda cha kamba, wakampakia mashuani kumpeleka Lamu. Tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba uliokuwa haupitiki ila maji yajae, tukakuta bahari imekupwa. Tukangoja. Maji yalijaa, lakini jirani yetu alikuwa kesha kufariki. Ndiyo sababu kila nisomapo habari za John Flynn, Mkanda hunijia machoni.

Flynn alizaliwa Moliagul, nchini Australia, tarehe 25 Novemba, 1880. Alikuwa padre wa Kipresbiteri; hakuwa tabibu wala rubani. Mwaka 1912 kanisa lake lilimkabidhi kazi ya kuwahudumia watu wa ndani ya nchi ile, nyika kubwa za wachunga ng'ombe, ambako jirani wa karibu huwa ni mwendo wa siku nzima. Alijenga vituo vya wauguzi, lakini daktari alibaki kuwa mbali.

Mwaka 1917 ukatokea mkasa wa Jimmy Darcy. Kijana huyu aliumizwa vibaya na farasi, akapelekwa Halls Creek kwa gari la kukokotwa. Daktari hakuwako, palikuwa na Tuckett, mkuu wa posta, aliyejua huduma ya kwanza. Tuckett akapeleka habari kwa simu ya maandishi hata mji wa Perth, naye Daktari Holland akamwelekeza hatua kwa hatua namna ya kupasua. Kisu chake kilikuwa cha mfukoni. Holland mwenyewe akaondoka kwa meli, kisha kwa gari. Safari ikachukua karibu wiki mbili, na alipofika, Darcy alikuwa amefariki siku moja tu kabla.

Mwaka ule ule Clifford Peel, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa rubani wa vita, alimwandikia Flynn kumweleza jinsi ndege zingeweza kumfikisha daktari. Peel aliuawa vitani mwaka 1918, lakini Flynn hakuliacha wazo lake. Alizunguka miaka kumi akiomba fedha na kubembeleza wenye mamlaka. Hatimaye, tarehe 17 Mei, 1928, ndege iliyokodiwa kwa shirika la Qantas iliruka kutoka Cloncurry, ndani yake mna Daktari St Vincent Welch. Mwaka wa kwanza walitibiwa wagonjwa 225.

Hapo ndipo niuonapo werevu wa Flynn. Alifahamu kwamba ndege isiyoitwa ni sawa na jahazi lililotia nanga. Basi akamtafuta Alfred Traeger, fundi wa umeme, naye mwaka 1929 akaleta redio iliyopata nguvu kwa kukanyagwa kwa miguu, mfano wa cherehani. Mama aliye peke yake nyikani akawa aweza kumwita daktari. Mwaka 1942 yakaongezwa masanduku ya dawa zenye nambari, daktari akawa aitaja nambari redioni, na asiyejua hata jina la dawa akaweza kumhudumia mgonjwa kabla ndege haijatua.

Lawama hazikumkosa, wako waliosema aliwajali wazungu kuliko wenyeji wa asili, na hilo pia ni sehemu ya habari zake. Alifariki Sydney tarehe 5 Mei, 1951, akazikwa karibu na Alice Springs. Kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1957 Daktari Michael Wood na wenzake wakaanzisha huduma ya madaktari wa ndege.

Dini yake si yetu, lakini sisi tuliosoma Msahafu twajua uzito wa kuihuisha nafsi moja. Leo visiwani simu imo katika kila mfuko. Lakini mtu akianguka mnazini usiku wa leo, ni nani kijijini ajuaye kuizuia damu? Ni nambari gani itakayopigwa, na ni chombo gani kilicho tayari? Hayo tuyajue mapema, kwani bahari ikisha kupwa haibembelezeki.