Maisha ya Aimé Behaeghe, rubani wa Ziwa Tanganyika

Tukishuka toka Lubondja mpaka Baraka tunaona ziwa letu na Ubwari pale mbele, na wavuvi wanarudi na samaki. Wengi wetu hatukusikia kwamba mwaka wa 1916 ziwa hili liliona vita ya ndege. Basi mara hii tunawaelezea maisha ya mtu mmoja wa vita ile.

Aimé Behaeghe alizaliwa mwaka wa 1890 kwenye kijiji cha Kachtem, inchi ya Ubelgiji. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka wa 1914, Wabelgi walikuwa upande wetu wa ziwa, na Wadachi walikuwa ng'ambo, kule Kigoma. Wadachi ndio waliotawala maji. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilikuwa na urefu wa karibu metre 70. Ilitengenezwa Papenburg, Ujeremani, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka wa 1915.

Waingereza walileta maboti mawili madogo, Mimi na Toutou. Yalikamata meli ndogo Kingani Desemba 1915, na Februari 1916 yakazamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen ikabaki, na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Sasa waifikie namna gani? Kwa njia ya juu!

Jeshi la maji la Uingereza likawapa Wabelgi ndege ine aina ya Short, zenye kutua juu ya maji. Zilifunguliwa, zikapita bahari, halafu mto na gari la moshi, mpaka Kalemie. Behaeghe alikuwa mmoja wa marubani, chini ya komanda de Bueger. Mawimbi ya Tanganyika, sisi tunayajua, hayana huruma. Juu ya hiyo walitafuta maji matulivu kwenye ziwa dogo la Tungwe, upande wa Mtoa, wakafanya kituo kule. Hivi Behaeghe anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza wa Afrika ya Kati.

Tarehe 10 Juni 1916 aliruka pamoja na mwenzake Collignon, wakavuka ziwa lote, wakaangusha mabombe Kigoma juu ya Götzen. Tufikiri kidogo: motere ikizimika katikati ya ziwa, nani atawaokota? Lakini walirudi wazima.

Je, meli ilizama? Hapana. Mwezi wa Julai askari wa Wabelgi walipokaribia Kigoma kwa inchi kavu, Wadachi wenyewe walizamisha Götzen, tarehe 26. Mbele ya kuizamisha, mafundi wao walipaka motere mafuta mazito zisioze, maana walitumaini kuirudia siku moja.

Behaeghe hakuona mwisho wa vita. Aliugua, akafa Niemba, kwenye njia ya gari la moshi ya Kalemie, tarehe 3 Desemba 1916. Hakuuawa na risasi. Alikuwa na miaka 26 tu.

Na meli? Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na mafuta yale yalikuwa yamechunga motere vizuri. Mwaka wa 1927 ikaanza tena kusafiri kwa jina la Liemba. Halafu sikieni hii: mwaka wa 1997, kisha vita kwetu, Liemba ilibeba wakimbizi maelfu na maelfu toka Kigoma kuwarudisha Kongo.

Sisi tunamheshimu Behaeghe juu ya ushujaa wake. Alitumwa kuvunja meli, naye alijaribu kwa nguvu zake zote. Lakini tunashukuru vilevile kwamba hakufaulu. Kama mabombe yake yangeipasua ile meli, wazee wetu na mama zetu wangevukia nini?