Ibn al-Jazzar, Tabibu wa Mafukara

Ndugu msomaji, wengi wetu twawajua wafalme wa Kiislamu na vita vyao, wala hatuwajui waliokesha wakiwafikiria wagonjwa wasio na bei ya dawa. Katika hao ni Abu Jaafar Ahmad bin Ibrahim, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Jazzar. Aliishi Kairouan, katika nchi iitwayo leo Tunisia, karne ya 4 ya Hijria, nayo ni ya 10 Miladia.

Baba yake alikuwa tabibu, na ami yake kadhalika. Kisha akasoma kwa Is-haq bin Sulaiman, tabibu wa Kiyahudi aliyetoka Misri. Wala dini ya mwalimu haikumzuia kuichukua elimu yake.

Kwenye daka la nyumba yake alimweka mtumishi, jina lake Rashiq, na mbele yake dawa zilizokwisha kutengenezwa. Tabibu akiwatazama wagonjwa, kisha akiwapeleka kwa Rashiq, naye ndiye atoaye dawa na kupokea bei. Ibn al-Jazzar hakutaka mkono wake upokee kitu cha mgonjwa. Hekima yake ni dhahiri: atazamaye ugonjwa, jicho lake lisielekee mfukoni. Hata alipomtibu kijana wa nyumba ya Kadhi Nu'man, mkubwa wa makadhi wa dola ya Fatimiya, akaletewa nguo na mithqali 300 za dhahabu, alishukuru na kuzirudisha.

Alitunga kitabu kikubwa, Zad al-Musafir, kieleze maradhi tangu kichwa hata miguu. Katika karne ya 11 Constantinus Africanus alikigeuza kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Lakini mwenyewe aliona kasoro moja: mafukara hawakunufaika nacho, kwa kuwa dawa zake nyingi zilikuwa za thamani. Mtu aambiwa dawa yake, naye hana cha kuinunulia, amepata nini? Basi akawatungia kitabu chao, Tibb al-Fuqara wal-Masakin, akichagua dawa nyepesi, za bei ndogo, zipatikanazo karibu.

Alikufa kiasi cha mwaka 369 Hijria, karibu na 980 Miladia, umri wake umepita miaka 80. Aliacha dinari 24,000, na vitabu vya uzito wa qintari 25. Basi hakuwa fakiri, wala hatusemi kuwa dawa za Rashiq zilitolewa bure. Twasema kuwa utajiri haukumsahaulisha asiyekuwa nao.

Enyi mnaouza dawa miongoni mwetu, faida ya halali si haramu. Lakini mgonjwa akisimama mbele yenu na karatasi ya tabibu, akihesabu senti zake, na ndani ya kabati mna dawa ya kazi ile ile kwa bei ndogo, mwambieni. Kumnyamazia ni kumdhulumu. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Jazzar, na atupe mfano wake.