Abu Rayhan Al-Biruni na Hisabu ya Sataranji

Ijulikane kwamba Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni alizaliwa Kath, katika nchi ya Khwarazm, mwaka wa 362 wa Hijra (973). Alipopata miaka 22 vita vilizuka kwao, naye akakimbia, akaishi ugenini hata akafika Gurgan kwa amiri Qabus. Huko, kiasi cha mwaka wa 390 (1000), alitunga kitabu cha tarehe za mataifa, Al-Athar al-Baqiya.

Katika kitabu hicho mna hisabu ambayo watu huitaja kwa mzaha, yeye akaishika kwa ilimu. Husimuliwa kwamba aliyebuni sataranji alitaka ujira wa punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, kila nyumba maradufu ya iliyoitangulia, hata zitimie nyumba 64. Mwenye haraka hudhani ni gunia moja au mawili.

Al-Biruni hakuzijumlisha moja moja, kwani kosa dogo huharibu yote. Alitazama akaona mambo mawili. Kwanza, ukitoa moja katika hisabu ya nyumba yoyote, hupata jumla ya zote zilizoitangulia: ya sita ina 32, na tano za kabla yake jumla yake ni 31. Pili, ukiizidisha hisabu ya nyumba kwa nafsi yake, huruka mbele kwa kadiri ile ile uliyokwisha kwenda tangu ya kwanza: ya tano ina 16, na 16 mara 16 ni 256, nayo ndiyo ya tisa. Kutoka hapo huruka hata ya 17, yenye 65,536. Kisha ya 33, yenye 4,294,967,296. Kisha ya 65, ambayo ubaoni haimo. Toa moja, ndiyo jumla: 18,446,744,073,709,551,615. Miruko minne tu! Na jumla hiyo hugawanyika sawasawa kwa 3, 5, 17 na 257, kwani 15 ni 3 mara 5, na 255 ni 15 mara 17, na 65,535 ni 255 mara 257, na kila moja ya hizo huingia kamili katika ile ya mruko unaofuata.

Atakaye kuionja hisabu hii na aufikirie mtama unaopimwa gulioni Bariadi, katika nchi ya Wasukuma. Tukikadiria kwamba gunia lina punje milioni nne, yatatakiwa magunia zaidi ya milioni mara milioni nne.

Mwaka wa 408 (1017), Al-Biruni akiwa amekwisha rejea kwao, Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm akamchukua. Katika utumwa huo wa heshima alijifunza Kisanskriti, na mwaka wa 421 (1030) akakimaliza kitabu chake cha bara Hindi.

Yaqut amepokea kwamba Al-Biruni alipokuwa katika sakarati ya mauti aliingia kwake faqihi mmoja, naye akamwuliza hisabu ya mirathi ya manyanya waliyopata kuizungumza zamani. Faqihi akamwonea huruma, akaona si wakati wake. Mgonjwa akamjibu kwamba kuiaga dunia hali ya kuijua ni bora kuliko kuiaga hali ya kutoijua. Basi akamweleza, naye akaikariri mpaka akaihifadhi. Faqihi akatoka, na akiwa bado njiani akasikia kilio kutoka nyumba ile.