George Westinghouse: Mtu aliyeufanya upepo usimamishe treni

Anayeishi karibu na barabara kuu anaijua sauti ya upepo unaotoka lori lenye tela linapoachia breki zake. Chanzo cha breki hizo ni reli, na mtu aliyezifikisha hapo alifariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Katika makala haya tunayatazama maisha ya George Westinghouse, fundi na mfanyabiashara wa Marekani.

Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza mashine za kilimo, na kijana alijifunza ufundi humo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoikumba Marekani, alipigana upande wa serikali, kwanza jeshi la nchi kavu, kisha jeshi la majini. Aliporudi nyumbani alijiunga na chuo, lakini hakukaa muda mrefu. Moyo wake ulikuwa karakanani.

Siku moja mwaka 1866 safari yake ilikwama kwa sababu treni mbili za mizigo zilikuwa zimegongana uso kwa uso. Reli ilikuwa imenyooka na madereva walikuwa wameonana kwa mbali. Tatizo ni kwamba hawakuweza kusimama kwa wakati.

Kwa nini? Enzi hizo kila behewa lilikuwa na breki yake ya mkono. Dereva alipopiga honi, wafanyakazi walikimbia juu ya paa za mabehewa wakizungusha magurudumu ya chuma, moja baada ya jingine. Wakati wa baridi paa ziliganda barafu. Wengi waliteleza na kuanguka, wakafa au kubaki vilema. Treni nayo iliendelea kwenda huku wao wakihangaika.

Westinghouse alitaka dereva mmoja aweze kufunga breki za mabehewa yote. Alifikiria mvuke, lakini mvuke ukisafiri kwenye bomba refu hupoa na kuwa maji. Jibu alilipata katika gazeti. Alisoma kwamba mafundi waliokuwa wakitoboa mlima kati ya Ufaransa na Italia walitumia upepo ulioshindiliwa, ukipitishwa kwenye mabomba kwa umbali mrefu ili kuendesha mashine za kutoboa. Upepo haugeuki maji kama mvuke.

Alihamia Pittsburgh, na kabla hajatimiza miaka 23 breki yake ilifungwa kwenye treni ya abiria kwa majaribio. Njiani mtu mwenye mkokoteni wa farasi alianguka relini, mbele ya treni. Dereva alifungulia upepo, na treni ikasimama hatua chache kabla ya kumfikia. Mwaka 1869 Westinghouse alipata haki ya uvumbuzi na kuanzisha kampuni.

Angeweza kutosheka hapo, lakini breki hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Ilihitaji upepo ili ifunge. Bomba likipasuka au behewa likikatika mlimani, upepo ulipotea na breki ikapotea nayo.

Mwaka 1872 aliibadilisha breki yake mwenyewe. Alilipa kila behewa mtungi wake wa upepo na valvu ya pekee, kisha akaugeuza utaratibu. Sasa upepo uliojaa kwenye bomba ndio uliozuia breki zisifunge. Bomba likipoteza upepo, kwa dereva kutaka au kwa ajali, valvu iliruhusu upepo wa mtungi usukume breki. Behewa lililokatika lilijifunga lenyewe.

Hata hivyo, mtihani ulibaki. Katika majaribio ya miaka ya 1886 na 1887 jimboni Iowa, treni za mabehewa 50 zilionyesha kwamba breki za nyuma zilichelewa, na mabehewa ya nyuma yakayagonga ya mbele kwa kishindo. Westinghouse alirudi karakanani, akaitengeneza upya valvu ili ifanye kazi haraka zaidi. Mwaka 1893 sheria ya Marekani iliagiza treni ziwe na breki zinazoongozwa na dereva kutoka kwenye injini.

Baadaye aliingia kwenye biashara ya umeme, akatetea mkondo unaoweza kusafirishwa mbali. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1907 ulimpokonya uongozi wa kampuni yake ya umeme. Alifariki tarehe 12 Machi 1914 na kuzikwa katika makaburi ya wanajeshi ya Arlington.

Lori na tela za leo zina vifaa vipya, lakini kanuni ni ileile: upepo ukipotea, breki zifunge. Ndiyo maana mpira wa upepo ukikatika, tela iliyo nzima hujifunga na kugoma kwenda. Huo ni ulinzi wake. Anayezima breki za tela ili safari iendelee anairudisha barabarani hatari ambayo Westinghouse aliiondoa mwaka 1872. Nasi abiria na wenye mizigo, dereva akisema upepo haujajaa, tusimharakishe.