Kuznets na Kipimo cha Pato la Taifa

Mwezi Septemba mwaka wa 2014 sisi Wakenya tulilala tukiwa raia wa nchi maskini, tukaamka katika daraja la nchi zenye kipato cha kati. Bei ya unga ilikuwa ile ile, nauli ya matatu ile ile, na karo haikupungua hata senti. Kilichobadilika ni hesabu. Shirika la Taifa la Takwimu lilikuwa limehamisha mwaka wa msingi kutoka 2001 hadi 2009, likaingiza shughuli ambazo awali hazikuhesabiwa ipasavyo, na pato la taifa likaongezeka kwa takriban robo. Wiki hiyo nilikuwa nikifundisha somo la uundaji wa istilahi. Mwanafunzi mmoja akaniuliza iwapo tulikuwa tukidanganywa zamani au tulikuwa tunadanganywa sasa. Mimi ni mwanaisimu, si mwanauchumi, na huenda ningemwelekeza kwa wenzangu wa idara nyingine. Badala yake nilimsimulia maisha ya Simon Kuznets, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasimulia kwa kila darasa jipya.

Kuznets alizaliwa mwaka wa 1901 katika familia ya Kiyahudi mjini Pinsk, ambao leo umo nchini Belarus lakini wakati huo ulikuwa katika himaya ya Urusi. Alisoma Kharkiv, Ukraine, katika miaka ya vita na mapinduzi, na kabla hajaondoka alikwisha kuonja kazi ya takwimu katika ofisi ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1922 alihamia Marekani. Kufikia 1926 alikuwa amepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Columbia, ambako mwalimu wake, Wesley Mitchell, alimfunza kutoiamini nadharia ambayo haijapimwa kwa tarakimu.

Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929. Viwanda vilifungwa, benki zikaanguka, mamilioni ya watu wakakosa kazi. Ajabu ni kwamba serikali ya Marekani haikujua hasara ilikuwa kubwa kiasi gani. Ilikuwa na bei za hisa, shehena za reli na tani za chuma cha pua, lakini haikuwa na jumla. Mwezi Juni mwaka wa 1932 Baraza la Seneti liliagiza Wizara ya Biashara ikadirie pato la taifa, na mwanzoni mwa 1933 Kuznets akakabidhiwa kazi hiyo pamoja na kikundi kidogo cha wasaidizi. Ripoti yao ilifika mbele ya Seneti mwezi Januari mwaka wa 1934.

Hapa ndipo ninapopenda kukawia. Ripoti ile haikutoa jibu moja bali mawili. Pato lililozalishwa kati ya 1929 na 1932 lilikuwa limepungua kwa zaidi ya nusu. Pato lililolipwa watu, yaani mishahara, riba, kodi za nyumba na magawio, lilikuwa limepungua kwa kiasi cha asilimia 40. Msomaji wa haraka angedhani kuna kosa. La hasha. Makampuni yalikuwa yakilipa zaidi ya yalichozalisha kwa kula akiba yao. Tarakimu zote mbili ni za kweli, na pengo lililo baina yake lenyewe ni habari. Isitoshe, bei nazo zilikuwa zimeanguka, kwa hivyo si sehemu yote ya upungufu ule iliyokuwa upungufu wa bidhaa. Mtu asiyetenganisha thamani ya fedha na wingi wa vitu hataelewa ripoti yoyote ya uchumi, iwe ya Washington au ya Nairobi.

Kuznets alieleza pia ni nini alichokiacha nje. Kazi za mama wa nyumbani hazikuhesabiwa. Biashara haramu hazikuhesabiwa. Wala hakuona haya kuwaambia maseneta kwamba ustawi wa taifa hauwezi kukisiwa kutokana na kipimo hicho alichokuwa akiwakabidhi, kwa kuwa hakionyeshi pato limegawanywaje wala jasho lililomwagika kulipata.

Naomba radhi kwa kuingiza taaluma yangu. Neno uchumi limetokana na kuchuma, na pato ni kile kinachopatikana. Mama anayepika, kufua na kulea watoto wake kutwa kucha anachuma kwa maana zote za neno hilo, lakini katika mahesabu ya taifa hana pato. Akiajiriwa kufanya kazi izo hizo nyumbani kwa jirani, pato la taifa linapanda. Jirani akimwoa, linashuka. Wanauchumi wameuzoea mfano huu hadi hauwachekeshi tena. Kwa mwanaisimu ni suala la fasili: anayeamua maana ya neno ndiye anayeamua ukubwa wa tarakimu.

Fasili hizo zilimletea Kuznets ugomvi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliitumikia bodi ya uzalishaji wa vita, akapima ni silaha ngapi ambazo Marekani ingeweza kuunda bila kuuvunja uchumi wake. Hata hivyo, alishikilia kwamba matumizi ya silaha wakati wa amani ni gharama ya kuishi, hayafai kuhesabiwa kama ustawi. Wizara ya Biashara ilikataa, ikajumlisha matumizi ya serikali. Kuznets alishindwa. Mfumo ambao Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka wa 1953 ulifuata njia ya wapinzani wake, na vizazi vya mfumo huo ndivyo vinavyotumika hata kwetu.

Mwaka wa 1955 alichapisha wazo kwamba tofauti baina ya matajiri na maskini hupanuka ukuaji unapoanza, kisha hupungua. Alikiri waziwazi kuwa makala hiyo ilikuwa na asilimia 5 ya ushahidi na 95 ya kukisia. Wafuasi wake walilikariri wazo, wakayasahau maungamo. Baadaye, mwaka wa 1962, alihimiza watu watofautishe wingi wa ukuaji na ubora wake, na muda mfupi na muda mrefu. Nilimkumbuka tulipoambiwa kwamba uchumi wa Kenya ulikua kwa takriban asilimia 7.5 mwaka wa 2021. Wengi walishangilia bila kuuliza 2020 ulikuwaje. Ulikuwa mwaka wa korona, uchumi ulipopungua kwa asilimia 0.3. Anayeinuka kutoka shimoni huonekana amerefuka.

Kuznets alifundisha Pennsylvania, Johns Hopkins na hatimaye Harvard, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1971, na akafariki mwaka wa 1985 mjini Cambridge, Massachusetts.

Mwanafunzi wangu yule hakuridhika upesi. Wiki iliyofuata alirudi na nakala ya ripoti ya Shirika la Takwimu, ameifungua kwenye maelezo ya mbinu zilizotumika, zile kurasa ambazo magazeti huziruka, na pambizo zake zimejaa maswali yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu.