Padri Alexis Kagame na swali la kuwako kwa Mungu



Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Padri Alexis Kagame, mwandishi mkubwa wa Rwanda aliyefariki mwaka 1981. Sisi tulio wengi si Wakatoliki, lakini tumemchagua yeye kwa sababu ya swali linaloletwa na vijana wetu waliohamia Kacyiru, mjini Kigali. Huko husoma katika Maktaba ya Umma iliyofunguliwa mwaka 2012, na wamekuta vitabu vya watu wasemao kwamba mwanadamu hawezi kujua kama Mungu yuko au hayuko, basi aliye mkweli aseme hajui. Jina la msimamo huo lilitungwa mwaka 1869 na mwanasayansi wa Uingereza, Thomas Huxley. Vijana wanauliza kama ni msimamo wenye akili. Wazazi wengine wamekasirika. Sisi tunaona afadhali kwanza tumsikilize mtu aliyelifanyia kazi swali hilo katika lugha za kwetu.

Alexis Kagame alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, kaskazini ya Kigali. Ukoo wake ulikuwa wa abiru, yaani watunzaji wa siri na historia ya ufalme. Watu hao walishika kwa kichwa mambo ya vizazi vingi, nao hawakuyatoa ovyo. Kijana huyo alisoma shule za wamisionari, akaingia seminari, akapewa upadri mwaka 1941. Aliongoza gazeti la Kinyamateka, na kwa kibali cha Mwami Mutara Rudahigwa aliwaendea wazee wa ufalme, akaandika walichokuwa wakikijua kabla hawajafa nacho. Alitunga pia mashairi. Moja ni refu sana, linamwimbia Bwana wa viumbe vyote kwa Kinyarwanda cha washairi wa ikulu. Jingine ni la kuchekesha, linasifu nyama ya nguruwe, tena alilitunga akiwa padri tayari! Tunalitaja kwa sababu watu hudhani mwenye kuwaza habari za Mungu lazima awe na uso wa huzuni.

Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya sheria za ufalme wa zamani. Wakoloni wa Kibelgiji hawakukipenda, wakamsukuma askofu wake, naye akapelekwa Roma. Kwa karatasi ilikuwa ni kwenda kusoma. Kwa kweli ilikuwa ni kuondolewa nchini. Sisi tunaoijua njia ya namna hiyo hatuhitaji kuelezwa zaidi. Huko Roma, katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, aliandika kazi yake kubwa juu ya falsafa ya Wanyarwanda, ikachapishwa mwaka 1956.

Kabla yake, mmisionari wa Kibelgiji aliyeishi Katanga, Padri Placide Tempels, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1945 akieleza jinsi Wabantu wanavyowaza. Kagame alitaka kupima jambo hilo kwa ushahidi. Akaenda kwenye lugha yenyewe, methali, hadithi na mashairi. Akaona kwamba vyote vilivyopo Wanyarwanda huviweka katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Ndugu msomaji, hata sisi wa Kiswahili tunayo mawili ya kwanza: mtu na kitu. Mtu ni mwenye akili. Kitu hakina akili. La tatu ni mahali na wakati. La nne ni namna ya kuwa. Shina la maneno yote manne ni moja.

Sasa Imana amewekwa wapi? Kagame alijibu kwamba hayumo katika fungu lolote. Si umuntu, si ikintu. Yeye ni wa kabla ya hayo yote, ndiye aliyeyafanya yawepo, kwa hiyo hawezi kuhesabiwa pamoja nayo. Jambo la pili ni kubwa zaidi kwetu. Kagame alionyesha kwamba katika lugha hizi neno la kuwa halisimami peke yake. Lazima lifuatwe na kitu au mahali. Angalia Kiswahili chetu: tukisema Mungu yupo, au yuko, ndani ya neno mna mahali tayari. Ndiyo maana swali la kama Mungu yuko huwa haraka sana swali la Mungu yuko wapi, na wakimbizi ndio walio wepesi wa kuliuliza hivyo.

Hapa ndipo tunapowapa vijana nusu ya haki. Asemaye hajui Mungu ni wa namna gani amesema jambo ambalo Kagame asingelipinga, maana asiye na fungu hapimwi kwa kipimo cha vitu. Hata jina Bizimana, ambalo wengi wetu tunalo katika jamaa zetu, maana yake ni kwamba mambo hayo anayajua Mungu. Ni kukiri kwamba sisi hatuyajui. Lakini jina hilo linamtaja ajuaye. Kagame hakukubali kwamba kutojua ulivyo msingi kunatuzuia kujua kwamba nyumba inao.

Wako waliokataa njia hiyo. Okot p'Bitek wa Gulu, Uganda, aliyezaliwa mwaka 1931 katika nyumba ya Kiprotestanti, aliuacha Ukristo, na mwaka 1970 akaandika kitabu akiwashtaki wasomi Waafrika kwamba wanaivika miungu ya mababu nguo za Wagiriki. Naye aliishi miaka mingi nje ya nchi yake. Hoja yake ina uzito: neno kuwamo katika lugha huonyesha watu waliamini nini, halionyeshi kwamba waliyemwamini yuko. Tunakubali kwamba sarufi ya Kagame haitoshi kuwa ushahidi. Inatosha kuonyesha tu kwamba wazee walilifikiri jambo hilo kabla ya vitabu vya Kacyiru, wala hawakulifikiri kitoto.

Kagame alirudi Rwanda mwaka 1958, akafundisha seminarini, baadaye Chuo Kikuu cha Rwanda, na pia Lubumbashi. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine akilinganisha lugha nyingi za Kibantu. Alikufa ghafula Nairobi mwezi wa Desemba 1981, akiwa safarini.

Hakuiona 1994, wala vita vya Kongo vilivyofuata. Wanyarwanda wana methali ya zamani kwamba Imana hushinda kwingine mchana na jioni hurudi kulala Rwanda. Baada ya mwaka ule wengi waliitamka kwa uchungu, wakiuliza alilala wapi. Hatutamtilia marehemu maneno kinywani. Mama aliyezika watoto njiani akasema hajui tena, hatuwezi kumweka kundi moja na Huxley, na tunaomba asihubiriwe kwa haraka.

Vijana wa Kacyiru watakuja kambini Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya mazoezi ya kwaya, ili tuendelee na mazungumzo haya. Maswali yaletwe kwa Kinyarwanda, Kiswahili au Kifaransa. Wazazi wenye hasira pia wanakaribishwa.