Jenerali Aliyefuta Neno Moja

Wiki hii tumwangalie mtumishi wa Mungu William Booth, aliyezaliwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1829. Baba yake alifilisika, na kijana akiwa na miaka 13 akapelekwa kufanya kazi kwenye duka la rehani. Huko aliujua umaskini uso kwa uso.

Mwaka 1865, yeye na mkewe Catherine walianza huduma mashariki mwa London, kati ya walevi na wenye njaa. Mwaka 1878 ripoti yao ilikuwa ikitayarishwa, na ndani yake huduma ilifananishwa na jeshi la kujitolea. Booth akachukua kalamu, akafuta neno la kujitolea, akaandika la Wokovu. Hebu fikiria! Anayejitolea huja akipenda, akichoka anaenda zake. Askari hana ruhusa hiyo.

Basi lugha yote ikabadilika. Mshirika akaitwa askari, mhubiri akaitwa kapteni, na Booth mwenyewe jenerali. Maombi yakaitwa gwaride la magoti. Aliyefariki katika Bwana alisemwa amepandishwa cheo kwenda utukufuni.

Je, yalikuwa maneno tu? La. Mwaka 1882 mamia yao walipigwa barabarani, hata akina mama. Mshirika wa kawaida akirushiwa mawe leo, Jumapili ijayo humwoni. Lakini askari akipigwa hashangai, maana alishaambiwa hii ni vita.

Mwaka 1890, Catherine akiwa mgonjwa wa saratani, Booth aliandika kitabu kuhusu maskini wa Uingereza. Alichora picha ambayo kila mtu wa London aliijua: farasi wa kukokota magari ameanguka barabarani. Hakuna anayeuliza kwanza ni kosa la nani, anainuliwa. Na maadamu yuko hai, ana chakula, pa kulala na kazi. Booth akadai binadamu naye apate angalau hayo. Catherine alifariki Oktoba mwaka huo, lakini kazi haikusimama. Mwaka 1891 jeshi lake lilifungua kiwanda cha viberiti kisichotumia fosforasi yenye sumu iliyokuwa ikiozesha mataya ya wafanyakazi. Kumbe ile picha ilikuwa na mikono!

Booth alifariki mwaka 1912. Mwaka 1921 Jeshi la Wokovu likafika hapa Kenya.

Mpendwa, wewe unayeongoza kwaya, vijana ama wahudumu wa mlangoni, unawaambia nini watu wako? Ukiwaambia tu wajitahidi, wataitikia amina na kusahau. Bwana Yesu aliwaita wavuvi kwa lugha ya wavuvi. Tafuta picha ambayo watu wako wanaijua, kisha uwe wa kwanza kuinama na kumwinua aliyeanguka. Wasipokuona ukiinama, picha yako ni kelele tu.

Mungu akubariki. Amina.